Mfupa wa Penisoni

Neiafu, Vava'u
4 Juni 1998

Daktari Sateki Lolohea,

Shikamoo. Sijui kama utanikumbuka. Mimi ni Kalolaine, binti mkubwa wa Penisoni Fifita, yule aliyeanguka kutoka paa la kanisa mwaka 1969 na wewe ukampasua kichwa katika hospitali ya misheni, kabla tufani haijaibomoa. Wakati ule nilikuwa mwalimu wa darasa la tatu. Sasa nimestaafu na miwani yangu ni mizito kuliko yako.

Nina swali dogo tu. Baba ulimpasua upande gani, kulia au kushoto? Mama angejua, lakini ametangulia. Shangazi Tokilupe alikuwa muuguzi wako pale pale, lakini anasema hakuingia chumba kile hata mara moja, na wewe unajua kwa nini: dada hawezi kusimama mbele ya kaka yake aliyelazwa uchi mezani.

Nauliza kwa sababu ya mdogo wangu, Siulolo. Anaumwa kichwa upande wa kulia tangu mwezi uliopita. Mzee anayemchua kwa mafuta amesema ni baba anayelalamika, kuna kitu kinamchoma kaburini, pengine mzizi umeingia mfupani. Shangazi ameamua kaburi lifunguliwe Jumamosi ya tarehe ishirini, mifupa isafishwe na kitu hicho kitafutwe. Kama baba naye ilikuwa upande wa kulia, basi hatuna shaka tena.

Baba alikutaja mpaka mwisho wake mwaka 1991. Mchungaji alipomtania kwa kusinzia kanisani, alimjibu hivi: "Niache. Daktari alinirudishia mfupa wangu, masikio hakunirudishia."

Tunakuombea.

Wako,
Kalolaine Fifita


Nuku'alofa
9 Juni 1998

Mwanangu Kalolaine,

Nakukumbuka vizuri. Ulikuwa ukija hospitali na madaftari ya watoto, ukiyasahihisha barazani huku ukimngoja baba yako afumbue macho. Nina miaka themanini na mmoja. Sauti yangu iliondoka mwaka jana pamoja na kipande cha koo, kwa hiyo siku hizi naandika hata nikitaka chumvi. Mpwa wangu Lose ndiye atakayeipeleka barua hii posta.

Upande ulikuwa wa kushoto.

Sasa nami nikuulize. Siulolo ana miaka mingapi? Maumivu huzidi saa ngapi za siku? Anatapika? Amegonga kichwa mahali mwaka huu, hata kidogo tu? Anameza dawa gani kila siku? Mtazame anavyotembea, halafu mwambie anyooshe mikono yote miwili mbele akiwa amefumba macho, uone kama mmoja unashuka wenyewe.

Kuhusu kaburi, nisingependa lifunguliwe. Mpelekeni Siulolo hospitali kwanza. Niandikie haraka.

Wako,
Sateki Lolohea


Neiafu
13 Juni 1998

Daktari,

Ana miaka hamsini na minne. Maumivu huwa makali asubuhi anapoamka, na ndipo anapotapika; jua likipanda hupungua kidogo. Mwezi Machi alijigonga kwenye boriti ya nyumba ya kupikia alipoinuka na sufuria. Hakutoka hata damu, sote tukacheka, naye akacheka. Anameza aspirini kila siku kwa ajili ya moyo. Mkono wa kushoto ulishuka kama ulivyosema. Mguu wa kushoto anauburuta na kiatu chake kimeisha upande. Juzi alimwita mumewe Kepu kwa jina la mbwa wetu. Tulicheka tena. Kisha Kepu akatoka nje na hakurudi mpaka chakula kilipopoa.

Najua ni wewe uliyemfanya Lose awapigie simu watu wa hospitali, maana gari lao lilikuja Alhamisi. Shangazi aliwakaribisha mkekani, akawalisha nguruwe na taro mpaka wakashindwa kuinuka, akawashukuru, akawarudisha mikono mitupu. Lose alipopiga simu dukani, Shangazi alisikiliza mpaka mwisho kwa adabu, kisha akakata.

Nilimwambia ulivyojibu, kwamba baba ilikuwa kushoto na Siulolo ni kulia. Nilidhani jambo limekwisha. Akaniuliza kama maiti hulazwa akitutazama au akitupa kisogo. Nikasema akitutazama. Akasema, "Basi kushoto kwake ni kulia kwetu. Ulifundisha hesabu miaka thelathini?"

Daktari, neno la shangazi katika nyumba yetu hupita la mchungaji. Hilo huhitaji kuambiwa. Anasema Siulolo hapandi ndege ya kuja kutibiwa huko Nuku'alofa kabla kaburi halijafunguliwa. Lakini kuna kitu sikielewi. Tangu aliposikia naandikiana nawe, hali wala halali. Na wewe umeniuliza maswali saba kuhusu Siulolo, kuhusu baba hukuuliza hata moja. Kuna nini?

Kalolaine


Nuku'alofa
16 Juni 1998

Mwanangu Kalolaine,

Barua hii nimempa mchungaji anayepanda ndege kesho, amkabidhi Kepu mkononi akuletee, ili isilale posta. Ukishaisoma peke yako, msomee shangazi yako yote. Usiruke mstari.

Nianze na Siulolo, kwa sababu ndiye mwenye haraka. Fuvu la mtu halitanuki. Alipojigonga kwenye boriti, mshipa mdogo ulichanika chini ya mfupa, na aspirini ikauacha uendelee kuvuja. Damu hiyo imekusanyika polepole kwa miezi miwili na zaidi, na kila siku inausukuma ubongo pembeni kidogo. Asubuhi ni mbaya kwa sababu akilala, shinikizo hupanda. Mguu na mkono wa kushoto vinalegea kwa sababu vinaendeshwa na upande wa kulia wa ubongo, na huko ndiko damu iliko.

Kuitoa si kazi ngumu. Mpasuaji anachana ngozi mahali pawili, anatoboa tundu mbili kwa keekee, kila moja kama kitufe cha koti, anaosha kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu mpaka yatoke safi, anaacha mrija mwembamba wa kutolea mabaki kwa siku mbili. Hata kumlaza usingizi mzito si lazima. Wengine huzungumza wakati kazi inaendelea. Hapa Nuku'alofa yuko kijana anayeifanya vizuri kuliko nilivyoifanya mimi. Mimi nimeifanya mara kumi na moja. Tisa waliondoka kwa miguu yao. Wawili waliletwa wakiwa hawaamki tena, na kilichowatofautisha na wenzao ni siku ya kuletwa tu. Siulolo bado anaamka. Kwa ulivyoniandikia, sidhani ataamka hivyo kwa wiki mbili zaidi.

Sasa baba yako.

Kwake tundu hazikutosha. Aliangukia zege, ubongo ukavimba, na uvimbe hauoshwi kwa maji. Ilibidi nikate kipande cha mfupa upande wa kushoto, kikubwa kama kiganja changu, nikitoe kabisa na kushona ngozi juu ya nafasi hiyo ili ubongo upate pa kuvimbia. Kazi hii hufanywa mpaka leo. Mfupa huwekwa, na uvimbe ukishaisha mtu hurudishiwa.

Walimu wangu kule Suva walinifundisha kuuhifadhi mfupa huo ndani ya mgonjwa mwenyewe: unachana ngozi ya tumbo, unaupachika chini yake, unashona, na mwili wake unautunza. Inachukua nusu saa. Mapigo ya baba yako yalikuwa yakishuka na jenereta ilikuwa ikikohoa. Nusu saa ile sikutaka kuitoa. Niliuweka mfupa katika kopo lililochemshwa, nikalifunga, nikaandika jina lake, nikalitia kwenye jokofu la dawa.

Baada ya wiki saba uvimbe ulikwisha. Baba yako alikuwa ameketi kitandani akiwatania wagonjwa wenzake. Nilifungua jokofu kuchukua kopo, na kopo halikuwepo.

Sikumuuliza mtu. Hilo ndilo kosa, kuliko lile la nusu saa. Mafuta ya taa ya kuliendesha jokofu yalikuwa yamekwisha wiki moja kabla, likasafishwa lote, na nilidhani mfanya usafi alilitupa kopo pamoja na chanjo zilizoharibika. Ningeuliza, ningekuwa nimetangaza kwamba mfupa wa kichwa cha Penisoni Fifita, ambaye watoto wake hawathubutu hata kupitisha mkono juu ya nywele zake, umeliwa na nguruwe kwenye shimo la taka. Nilikuwa mpasuaji pekee visiwani mle. Nilijiambia watu wakiacha kuniamini watakufa majumbani. Labda ilikuwa kweli. Pia niliogopa.

Nilikwenda kwa fundi wa meno, rafiki yangu, marehemu sasa. Alikuwa na ile plastiki ya kutengenezea fizi za meno ya bandia. Tulichukua vipimo kwa nta juu ya kichwa cha baba yako, tukimwambia tunapima uvimbe. Akafinyanga kipande, akakipika, akakisugua mpaka kikawa laini. Rangi aliyokuwa nayo ilikuwa moja tu, waridi. Nilimpasua tena, nikakifunga kipande hicho kwa nyuzi za chuma, nikamshona. Alipozinduka, mama yako alikuwepo, wewe ulikuwepo. Nilisema, "Nimekurudishia mfupa wako." Alinishika mkono, na hakuuachia kwa muda mrefu.

Kila mwaka tangu hapo, mavuno ya kwanza yalipoingia, nililetewa viazi vikuu vile virefu, vimefungwa kwa majani. Miaka ishirini na miwili. Nilivila.

Mkifungua kaburi Jumamosi mtakuta kitu cha waridi kichwani mwa baba yenu, hakijaoza, kwa sababu hakiozi. Mtasema hiki ndicho kilichokuwa kikimchoma. Mtakitoa, mtarudi nyumbani mmetulia, na mtakaa kumngoja Siulolo apone. Nimewaona watu wakingoja hivyo, watu wema, wamemzunguka mgonjwa wakiimba. Ndiyo maana naandika. Mtu bora kuliko mimi angeandika mwaka 1969. Mtu wa kawaida angeandika wiki iliyopita ulipomuuliza upande gani. Mimi nilijibu "kushoto" nikafunga bahasha.

Mwambie Sista Tokilupe kwamba hasira yake naistahili na nitaipokea. Lakini aikasirikie nafsi yangu, si ndege. Mwacheni Siulolo aje.

Sateki Lolohea


Neiafu
18 Juni 1998

Daktari Sateki,

Kalolaine amenisomea barua yako. Alipofika pale pa fundi wa meno nilimwambia arudie. Akarudia. Nikamwambia tena. Mara ya tatu nilicheka mpaka Kepu akaja mbio akidhani sasa ni mimi niliyeshikwa.

Tulifanya kazi pamoja miaka kumi na minne. Nilikuhesabia sindano, nilikufuta jasho, nilizuia wake za wagonjwa wasikupige. Ulikuwa mwongo mbaya tangu zamani. Ukidanganya ulikuwa unasafisha miwani. Siku ile uliposema umemrudishia kaka yangu mfupa wake nilikuwa mlangoni, upande wa nje. Ulikuwa unasafisha miwani. Lakini mimi sikuhitaji miwani kujua ni uongo, kwa sababu mfupa nilikuwa nao mimi.

Siku tuliyosafisha jokofu nilikuta kopo lina jina la kaka yangu. Juu yake kulikuwa na sahani ya samaki ya muuguzi wa zamu, mchuzi unachuruzika ubavuni. Samaki, Daktari, juu ya kichwa cha Penisoni. Sikuwa na haki ya kuligusa na sikuweza kuliacha. Nililificha kwenye aproni, nikaenda nyumbani, nikaufunga mfupa kwa kitambaa cha gome alichokipiga mama yetu, nikauzika miguuni pa kaburi lake mama. Niliomba. Nilidhani utauliza, nami nitakwambia, tutagombana, utauchukua. Hukuuliza. Siku moja, siku mbili, wiki. Kisha nikasikia umemrudishia.

Sasa fikiria. Mfupa wa kaka yangu uko ardhini, na wewe umempachika mfupa. Wa nani? Wiki ile walikufa watu wawili wodini, mzee mmoja wa Ha'apai na yule mwanamke asiye na ndugu. Nikajua umechukua kwa mmoja wao. Miaka ishirini na tisa nimejua hivyo. Nilimwona kaka yangu akila, akiomba, akiwabusu wajukuu, na kichwani mwake amekaa mtu mwingine. Alipokufa nilikaa kichwani pake kama inavyonipasa, na sikujua namwomboleza nani na nani. Siulolo alipoanza kuugua nilisema basi, mwenye mfupa amekuja kuudai. Ndiyo maana nililitaka kaburi. Nilikuwa nimepanga kuutoa mfupa wa mgeni na kuuingiza wa kwetu kwa siri, ndani ya mkono wa gauni langu, wakati wengine wakiimba.

Na nisingemwachia mtoto apande ndege akiwa anadaiwa na maiti asiyemjua jina. Asingefika.

Kumbe ni meno. Meno hayana ukoo, Daktari. Hayadai kitu kwa mtu.

Siulolo anaondoka kesho, maana ndege ya keshokutwa imejaa na Jumapili haziruki. Kalolaine na Kepu watakuwa naye. Kaburi halifunguliwi Jumamosi. Wachimbaji nimewalisha, nikawarudisha makwao.

Kama angekufa kwa sababu wewe hukuuliza na mimi sikusema, ingekuwaje kati yetu? Usinijibu hilo. Niandikie jinsi alivyo.

Tokilupe Fifita


Nuku'alofa
24 Juni 1998

Sista Tokilupe,

Amepona. Naliweka hilo mstari wa kwanza kwa sababu najua unavyosoma barua.

Alishuka kwenye ndege amebebwa na Kepu, amelala usingizi wa kutisha. Ukimwita anafumbua jicho moja na kulifunga. Kalolaine alikuwa amemshika kichwa njia nzima. Yule kijana mpasuaji hakuchelewesha. Alimwambia Lose anisukume na kiti changu mpaka mlangoni, akaniacha nitazame kwa kioo. Tundu ya kwanza ilipofunguka, damu nyeusi iliruka kama mafuta ya injini na kumchafua viatu. Ilipopungua, Siulolo akasema, akiwa bado chini ya vitambaa, "Nani ameondoa jiwe?" Muuguzi mmoja alilia. Siku zako angefukuzwa chumbani.

Jana alikula. Leo ametembea mpaka dirishani na kurudi, mguu hauburuti. Mkono wa kushoto bado mzito, utachukua wiki kadhaa. Aspirini wameisimamisha. Alimwuliza mpasuaji kama kuna kipande chake chochote kilichowekwa mahali, na kama kipo, aoneshwe kopo. Basi nikajua Kalolaine amemsimulia yote. Sikujua pa kutazama. Siulolo alicheka kidogo, akashika bandeji maana kicheko kilimuuma, kisha akaniuliza kama rangi nyingine kweli ilikosekana.

Sista, barua yako nimeisoma mara nyingi. Mimi nililala miaka yote nikidhani nguruwe. Wewe ulikaa na mgeni. Jokofu lilikuwa hatua kumi na mbili kutoka meza yangu na meza yako ilikuwa upande wa pili wa ukuta. Nilikuwa nikikuona kila asubuhi ukinipa orodha ya wagonjwa, na umekunja uso, na nikajiambia: anajua nimeupoteza, ananidharau. Kwa hiyo nikawa mkali kwako. Mwaka 1971 nilikunyima barua ya kukupandisha cheo. Nilisema huna utulivu. Hilo nalo ni la kuungama, na kwa sababu sina muda mwingi naliweka hapa. Wanasema wiki sita, labda nane.

Sikuombi kunisamehe kwa barua. Ni rahisi mno kwa mwandikaji.

Sateki


Neiafu
2 Julai 1998

Daktari,

Siulolo amefika. Ana upara upande mmoja na anawatisha watoto nao. Asubuhi aliamka kabla yangu akawasha moto, tukamfukuza jikoni. Amekatazwa boriti mpaka Krismasi.

Ile ya cheo niliijua. Karani aliniambia siku ile ile. Nilikuchukia miaka mitatu hivi, kisha nikachoka. Ulikuwa mpasuaji hodari na nyumba yangu ilikuwa na kazi nyingi. Ulitaka nikukasirikie, nimekukasirikia, yamekwisha. Usinifanye niyaanze upya na umri huu.

Lililobaki ni la Penisoni. Mfupa nimeufukua. Kitambaa cha gome kimeoza pembeni lakini wenyewe uko mzima, una rangi ya chai. Uko mezani mbele yangu ninapoandika, umefunikwa kwa shuka safi, na hakuna anayekula chumba hiki.

Tumekaa kikao. Kaburi litafunguliwa Jumamosi ya tarehe kumi na nane, safari hii kila mtu akijua kwa nini. Shida ni nani atauweka. Wanawe hawawezi kugusa kichwa cha baba yao, na Kepu ni mkwe, amekimbia kabla hatujamaliza kumtaja. Mchungaji anasema ataomba tu. Wachimbaji wanasema wao ni wa udongo. Wamenitazama mimi. Mimi niliushika mara moja bila ruhusa ya mwenyewe, nikaushika tena juzi, na sitaushika mara ya tatu.

Wewe ndiwe uliyeutoa. Ulimwambia umemrudishia, akakuamini, akakuletea viazi vikuu. Njoo umrudishie.

Najua unavyoumwa. Kalolaine ameniambia umebaki mifupa na miwani. Sikulazimishi. Ukishindwa, niandikie umeshindwa na nitatafuta njia nyingine. Lakini niandikie kweli.

Tokilupe


Nuku'alofa
7 Julai 1998

Sista Tokilupe,

Lose amekasirika. Ameuliza daktari, daktari amesema safari itanipunguzia siku, nikaandika kwenye karatasi kumuuliza ni ngapi, akaona haya kujibu. Tiketi imekatwa, ya tarehe kumi na sita. Lose atakuja nami kwa sababu hamwamini mtu mwingine na dawa zangu.

Ulitaka kweli, basi hii hapa. Mikono yangu inatetemeka. Sitaweza kuchuchumaa, mtanishusha na kiti au mtakiinua kichwa chake mpaka kwangu, mchague wenyewe. Nyuzi za chuma zitakuwa zimeshika kutu na zitakatika kwa koleo ndogo. Nitakuja na yangu. Mfupa hautakaa sawasawa. Baada ya miaka hiyo kingo za fuvu huliwa kidogo, na mfupa ulio nao hapo umekauka, kwa hiyo utacheza ndani ya nafasi yake. Usishtuke ukiona hivyo, wala usidhani nimeukosea upande. Nitaugeuza polepole mpaka upate mahali unapotulia. Itachukua dakika kumi. Kama nikichukua nusu saa, niacheni.

Naogopa, Sista. Sikuogopa hivi hata kwa koo langu. Nimepasua watu mia nane na sijawahi kumpasua mtu mbele ya dada yake.

Kwa hiyo naomba jambo moja. Najua ni kaka yako, na miaka yote ulibaki nje ya mlango kwa heshima. Lakini sasa ni mifupa, na mwenyewe ameshapita mambo yote ya haya. Simama karibu na shimo, upande ninaotazama. Sauti sina, sitaweza kusema tena kwamba nimemrudishia. Utawaambia wewe, ukishaona.

Sateki Lolohea